Klachi iliyonata na klachi inayoburura: BSA ya baba mkubwa baada ya miaka minne ya kukaa

Pikipiki ya baba mkubwa ni BSA C15, ya Kiingereza, ya mwaka 1962. Tangu alipofariki ilikaa miaka minne chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba yetu hapa Shela, Malindi, ikiwa imefunikwa turubai na kusimamishwa juu ya stendi yake ya kati. Sikuiacha kwa kuidharau. Niliiacha kwa sababu sikuwa tayari kusikia mlio wake bila ya yeye kuwa juu yake. Mwezi wa Machi, joto la kaskazi likiwa bado kali, nilitoa turubai, nikasafisha kabureta, nikabadilisha petroli na oili ya injini, nikatia betri mpya ya volti 6, na kwa kiki ya tisa injini ikaitika. Niliiacha ingurume kwa dakika tatu hivi, kisha nikabana mkono wa klachi na kutia gia ya kwanza. Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, ikazimika gurudumu la mbele likiwa limegusa shina la mwarobaini.

Mkono wa klachi ulikuwa umebanwa hadi mwisho, lakini klachi haikuachia.

Ninaandika haya kwa kirefu kwa sababu wenye pikipiki kongwe huku pwani si haba, na ushauri niliopewa ndani ya juma moja ulikuwa wa kila namna, mmoja ukipingana na mwenziwe. Wa kwanza alisema pleti zimekwisha, zitolewe zote. Wa pili alisema kebo imelegea, ikazwe. Wa tatu akashauri springi zilegezwe. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, ila hakuna aliyeniuliza swali ambalo ndilo lililokuwa la kwanza kuulizwa: je, klachi hii imenata, au inaburura? Mimi mwenyewe nilikuwa nikiyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na kosa hilo lilinipotezea karibu wiki tatu.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mzee, jirani wa mtaa wa pili, ambaye alizifahamu pikipiki za Kiingereza zamani zilipokuwa nyingi, kabla ya bodaboda za leo kujaa barabarani. Nilimkuta barazani kwake baada ya alasiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umeifufua ya marehemu."

Nikamweleza yaliyonipata pale kwenye mwarobaini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Usiiwashe tena. Iweke frii, bana klachi, halafu ukisukume chini kile kiki kwa mkono, polepole, si kwa mguu. Uje uniambie mkono wako umesikia nini."

Jaribio hilo linahitaji maelezo, kwa sababu katika pikipiki nyingi za leo halifanyi kazi. Katika C15 na ndugu zake wengi wa enzi ile, kiki huzungusha kwanza shafti ya gia, shafti ikazungusha klachi, na klachi ndiyo inayozungusha injini kupitia mnyororo wa ndani. Kwa hiyo klachi ikiwa imeachia sawasawa, kiki hushuka kwa wepesi bila kuigusa injini. Ikiwa imenata, mkono wako utakutana na ule ukaidi wa pistoni inayobana hewa. Nilifanya alivyoniambia. Kiki kiliteremka kidogo, kikafika mahali pa kukataa, na nikazisikia pumzi za injini zikitoka kwenye ekzosi, puh, puh, ilhali mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeibana klachi kwa nguvu zote. Pleti zilikuwa zimegandamana zikawa kama kipande kimoja cha chuma.

Ili jambo hili lieleweke, afaa mtu aione klachi hii akilini. Upande wa kushoto wa injini, nyuma ya kifuniko kilichong'arishwa, kuna bakuli la chuma linalozungushwa na injini. Ndani ya bakuli hilo kuna kitovu kinachozungusha shafti ya gia. Kati ya viwili hivyo zimepangwa pleti kwa zamu: moja yenye vipande vya kukwaruzana, ambayo masikio yake yameshika mianya ya bakuli, ikifuatwa na moja ya chuma kitupu, ambayo meno yake yameshika kitovu. Springi nne huzibana zote pamoja, na zikibanika, bakuli na kitovu huzunguka kama kitu kimoja. Ukibana mkono wa klachi, kijiti cha chuma kinachopita katikati ya shafti huisukuma nje pleti ya mwisho, ile inayobebeshwa springi, na nyingine zote zikapata nafasi ya kuachana. Nafasi yenyewe ni ndogo mno. Msukumo wote ni milimita 2 hivi, na hizo zagawanywa baina ya pleti zote, hata kila uso ukabaki na sehemu tu ya milimita. Ningeomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwani karibu kila kilichonisibu baadaye kilitokana nayo.

Pikipiki ikikaa, springi haziachi kubana. Mafuta yaliyo kati ya pleti hukamuliwa yakatoka, yaliyobaki huganda, na hapa kwetu hewa ya bahari huingiza unyevu wenye chumvi kila usiku hadi chuma kinashika kutu. Huko ndiko kunata. Ni ugonjwa wa kukaa, hauhusiani na uchakavu, na hata klachi mpya kabisa yaweza kuupata ikiachwa msimu mzima wa kusi bila kuguswa.

Vijana wa stendi ya bodaboda walinishauri dawa ya haraka: iwashwe ikiwa gia ya pili kwa kusukumwa, kisha klachi ibanwe na breki ikanyagwe ghafla hadi pleti zibanduke zenyewe. Dawa hiyo hufanya kazi, sikatai. Lakini mshtuko wake wote hupigwa kwenye mnyororo wa ndani, kwenye masikio ya pleti, na kwenye vile vipande vya kukwaruzana ambavyo vimegundishwa tu. Kipande kimoja kikibanduka kutoka kwenye pleti yake, hujipenyeza mahali pabaya, na kazi iliyokuwa ya kubandua ikawa ya kununua. Isitoshe, mtaa wetu una watoto wanaocheza njiani, na pikipiki ambayo haiachii injini ni pikipiki isiyosimama inapotakiwa.

Nilichagua njia ya taratibu. Niliufunga mkono wa klachi kwenye usukani kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikauacha umebanwa usiku kucha ili kijiti kiendelee kuisukuma pleti ya mwisho bila mimi. Asubuhi nilijaribu kiki kwa mkono, hakuna. Usiku wa pili, hakuna vilevile. Siku ya tatu niliiwasha injini ikiwa juu ya stendi, frii, nikaiacha ipate moto kwa dakika kumi na tano ili yale mafuta yaliyoganda yalegee, nikaizima, nikatia gia ya nne, nikafunga tena ule mpira, nikaiteremsha chini na kuanza kuisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mwendo wa shibiri moja. Katika gia ya nne ukinzani wa injini huwa mdogo, na mkono wa mtu huweza kuhisi kinachotokea. Nadhani nilifika mara thelathini. Kisha ukasikika mlio mdogo mkavu, kama wa kifuu kinachopasuka mbali kidogo, na pikipiki ikanitoka mikononi ikaenda yenyewe hatua moja, nyepesi kabisa.

Nilidhani kazi imekwisha. Jioni ile niliipanda hadi mjini, na huko ndiko nilikojua kwamba nimeponya nusu tu.

Klachi ilikuwa ikiachia, lakini si yote. Nikisimama nyuma ya tuktuk karibu na soko, klachi ikiwa imebanwa hadi mwisho, pikipiki ilikuwa ikitambaa mbele polepole kama inayosukumwa na mtu asiyeonekana. Frii nayo haikupatikana kabisa injini ikiwa inanguruma: mguu ulikwenda kutoka ya kwanza hadi ya pili, ukarudi kutoka ya pili hadi ya kwanza, na katikati hapakuwa na kitu. Ilinibidi niizime, nitafute frii, ndipo niiwashe tena. Huko sasa ndiko kuburura. Pleti hazikuwa zimegandamana tena. Ziliachana, lakini kuna kitu kilichozifanya ziendelee kugusana.

Nilianza na kebo kwa kuwa ni rahisi. Ilikuwa na ulegevu mwingi mno mkononi, na ulegevu huo huliwa kutoka katika zile milimita 2 ambazo tayari hazitoshi. Katikati ya pleti ya mwisho kuna skurubu ya kurekebishia yenye nati ya kuifunga. Huzungushwa hadi iguse kijiti, kisha hurudishwa nyuma nusu mzunguko. Baada ya hapo nikaacha ulegevu wa milimita 3 hivi kwenye mkono wa klachi, kwa kuwa klachi isiyo na ulegevu wowote nayo huteleza na kujichoma. Kukawa na nafuu, lakini ndogo, na nikaamua kufungua.

Hapa niseme neno kuhusu spana. Nati za pikipiki hizi ni za vipimo vya Kiingereza cha kale, Whitworth na aina ya nyuzi nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli na pikipiki. Spana za milimita, ambazo ndizo zilizojaa madukani mwetu, zitaingia kwa kulegalega na kuzila pembe za nati. Baba mkubwa alikuwa na seti yake ndani ya kikebe cha maziwa ya unga, na kabla sijaipata seti hiyo nilikuwa nimekwisha kuiharibu nati moja ya kikanyagio, jambo ambalo bado linaniuma. Skurubu za kifuniko zilikuwa zimeshikwa na chumvi. Nilizinywesha mafuta ya taa kwa siku mbili, kisha nikatumia bisibisi ile ya kupigwa kwa nyundo, na zote zikatoka salama isipokuwa moja ya chini iliyovunjika kichwa.

Niliweka karai chini, nikavuta kifuniko, na yaliyotoka hayakuwa mafuta niliyoyatarajia. Yalikuwa meusi, mazito, yakishuka kwa uvivu kama asali, yakiacha nyuzi ndefu kati ya kifuniko na karai. Nilikumbuka mara moja. Mwaka wa mwisho wa uhai wa baba mkubwa, alipokuwa hajiwezi tena, mimi ndiye niliyeipeleka pikipiki hii kwenye gereji fulani kubadilishiwa oili, na aliyeihudumia aliniambia kwamba chuma kizee hutaka mafuta mazito. Nilimwamini kwa sababu lilikuwa neno la kuaminika masikioni. Alichotia ni mafuta ya gia ya lori.

Chumba hiki cha mnyororo na klachi kina mafuta yake peke yake. Hayachanganyiki na ya injini wala ya gia. Watengenezaji waliagiza mafuta mepesi ya namba 20, na sababu yake ni ile hesabu yetu. Pleti mbili zilizoachana kwa sehemu ndogo ya milimita, na katikati yake kukawa na mafuta mazito, bado zitaburutana, kwa kuwa mafuta yenyewe huwa ndiyo kamba inayoziunganisha. Ukipanda ngazi na kutia mafuta ya kisasa ya injini ya gari, waweza kupata balaa la upande wa pili, kwani baadhi yake yametiwa dawa za kupunguza msuguano na klachi iliyozama humo huanza kuteleza. Anayetaka mafuta ya pikipiki ambayo klachi yake huzama ndani ya mafuta aangalie alama ya JASO MA kwenye mkebe. Imewekwa kwa ajili hiyo.

Nilizitoa pleti moja moja na kuzipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake. Zile za chuma zilinishangaza. Kila moja ilikuwa na picha ya jirani yake: vile vipande vya kukwaruzana vilikuwa vimechapwa juu ya chuma kwa kutu, kipande kwa kipande, pamoja na mianya iliyo kati yake, hata ungeweza kuvihesabu. Miaka minne ya kusimama mahali pamoja ilikuwa imeandikwa pale kwa rangi ya kahawia. Nilizisugua juu ya kioo cha dirisha kwa msasa laini uliolowanishwa mafuta ya taa, kwa mwendo wa umbo la namba 8, hadi picha ikafutika na kubaki mng'ao wa kijivu usio laini sana. Pleti zenye vipande sikuzipiga msasa mkavu, na nawasihi wengine wasifanye hivyo wala wasizipulize kwa kompresa, kwa sababu vipande vya enzi zile mara nyingi vilikuwa na asbestosi, na vumbi lake ni adui wa mapafu. Nilizipangusa kwa kitambaa kilicholowa, nikakitupa kitambaa chenyewe.

Kioo kilekile kilinifaa kwa jambo jingine. Pleti ya chuma ukiilaza juu ya kioo inatakiwa ikae sawasawa kama sahani juu ya meza. Zangu mbili zilikuwa zikicheza. Karatasi ya fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.1 iliingia chini ya ukingo bila kuombwa, na hata ile iliyo nene maradufu ikaingia. Pleti iliyopinda hugusa jirani zake hata zikiachana. Mbili hizo nimeziagiza Uingereza, ambako vipuri vya C15 bado vinatengenezwa, na kwa sasa nimezirudisha za zamani baada ya kuzinyoosha kadiri ya uwezo wangu.

Lakini kilichonifunza zaidi kilikuwa kwenye bakuli. Nilipitisha ukucha wa kidole gumba kando ya vidole vya bakuli, pale masikio ya pleti yanaposhika, na ukucha ukakwama. Nikaupitisha tena, ukakwama mahali palepale, kisha chini yake kidogo, kisha chini zaidi. Kila sikio lilikuwa limejichimbia kitanda chake katika chuma kwa miaka mingi ya kupigwapigwa. Klachi inapobanwa, pleti inatakiwa iteleze kwenda nje. Lakini sikio lililolala ndani ya kitanda haliteremki wala halipandi, linangoja hapo na pleti yote inangoja nalo.

Fundi mzee alikuja kulitazama bakuli Ijumaa baada ya sala, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nami nikiwa na tupa bapa ndogo.

"Usiifuate alama mpaka ndani," aliniambia. "Ukiifuata, vidole vitakuwa vyembamba na pleti zitapiga kelele mwaka mzima. Toa ukingo wake tu, sikio lipate kuteleza. Na ukipiga tupa mara kumi kidole hiki, piga mara kumi na kile cha pili."

Nilifanya hivyo hadi jua likakaribia kuchwa, kidole baada ya kidole, nikihesabu kwa sauti, yeye akinisahihisha kila pembe ya tupa ilipoinama. Alama hazikutoweka zote. Ukucha sasa ulizipita kama gari linalopita tuta dogo, badala ya kukwama, na alisema hiyo yatosha.

Nilizilowesha pleti katika mafuta mapya kabla ya kuzirudisha, kisha zikaja springi. Nati zake nne zina ufa wa bisibisi lakini katikati hutokeza ncha ya bolti, kwa hiyo hutaka bisibisi pana iliyochongwa pengo. Nilichonga moja kwa tupa. Watu wengi hukaza nati hizi hadi zigote. Lakini springi nne hizo hazijachoka kwa kiasi kimoja, na ukizikaza sawa kwa macho, pleti ya mwisho hutoka upande mmoja kabla ya mwingine, ikaacha nusu ya klachi imebanwa bado. Njia sahihi ni kuacha kifuniko wazi, kubana klachi, kusukuma kiki, na kuitazama pleti ikizunguka. Yangu ilikuwa ikiyumba kama gurudumu la baiskeli lililopinda. Niliweka ncha ya penseli karibu na ukingo wake nikiwa nimeiegemeza kwenye kidole cha bakuli, nikaona mahali inapogusa na inapokimbia, nikakaza robo mzunguko hapa na kulegeza robo pale. Saa nzima ilipita hivyo, na hiyo ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu mwishoni pleti ilizunguka mbele ya penseli bila kuigusa wala kuiacha, ikawa kana kwamba imesimama.

Gasketi nilikata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Nilimimina mafuta ya namba 20 hadi kwenye tundu la kipimo, nikafunga.

Jumapili nilikwenda nayo Gede, kilomita 15 hivi. Pale njia panda palikuwa na lori lililozuia barabara, nikasimama nyuma yake injini ikinguruma, nikainua ncha ya kiatu kidogo kutoka gia ya kwanza, na frii ikaingia kwa mlio hafifu. Niliachia mkono wa klachi. Pikipiki ilibaki mahali pake, ikitikisika taratibu kwa mapigo ya injini.

Kifuniko kinatokwa jasho la mafuta upande wa chini, pale ilipovunjika ile skurubu, na kitangoja hadi pleti mpya zifike ndipo nikifungue tena. Kwa sasa, kila siku mbili ambazo sikuipanda, nabana klachi na kukisukuma kiki kwa mkono mara tano. Nikisafiri kwenda Mombasa kwa zaidi ya wiki, mpwa wangu ndiye anayeifanya kazi hiyo, na ule ukanda wa mpira nimeuacha umening'inia kwenye usukani ili asiutafute.